Mguu wa Kati, wa Kushoto

Urefu: milimita nne na nusu.
Kifua: kijani cha chupa iliyovunjikia juani.
Hapana, futa. Shekuwe anasema chupa hazipimiki.
Andika: kijani cha madini, mng'ao wa shaba mabegani.
Naandika.

Nje, ukungu wa Magamba umeshuka hadi kwenye bati.
Lushoto haionekani, inasikika tu:
mtu anapasua kuni, redio inasoma matangazo ya vifo,
mkokoteni wa kabichi unateremka, breki zake za ubao zinalia.
Humu ndani mna hadubini moja, taa ya sola,
na dume mmoja wa nzi
aliyezama katika bakuli la manjano,
maji na sabuni ya unga, kijiko kimoja,
mita elfu mbili na mia moja
juu ya bahari ambayo hakuwahi kuisikia.

Miguu: mirefu kupita haja.
"Kupita haja ya nani?" anauliza Shekuwe.
Nafuta.
Miguu: mirefu. Paja jeusi, goti la njano,
muundi mwembamba, wenye singa nne upande wa nyuma.
Mguu wa mbele, kipingili cha mwisho
kimepanuka, bapa, cheupe,
kama kikaratasi mkononi mwa mtoto aliyetumwa dukani
asije akasahau alichotumwa.
Hicho ndicho anachompungia jike.
"Hilo usiandike. Hatujaona."

Bi Sikudhani, aoshaye karoti kule kijitoni, ameona.
"Nani, huyo mpiga saluti?
Kila asubuhi yuko juu ya jani lenye maji,
anainua mkono, anashusha, anainua wa pili,
na mwenziwe kampa kisogo.
Ndiyo mmempata leo?
Mie namjua tangu nikibebwa mgongoni hapa hapa."
Shekuwe alimsikiliza, kofia mkononi,
akaandika tarehe, akaandika karoti,
kisha akakata karoti.

Sasa nifike nisipopenda kufika.
Jumanne, saa tisa alasiri, kibano mkononi,
nikapiga chafya.
Kitambo kidogo kabla, dume wetu pekee alikuwa na miguu sita.
Baada yake, mitano.
Tukapiga magoti, tochi ya simu mdomoni,
tukapekua saruji, nyufa, mkeka, pindo la gauni langu.
Tukapata punje ya mchele, bawa la kumbikumbi,
na unywele wa mswaki
uliotupa furaha kwa dakika nzima.
Shekuwe hakugomba. Heri angegomba.
Alijipangusa magoti, akakaa, akasema taratibu:
"Andika. Mguu wa kati, wa kushoto: haupo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika elimu,
si kwa jina, kwa mafua.
Miaka mia ijayo mtu atafungua droo, atasafisha miwani,
atasoma haupo,
ataona ni sawa, wadudu wa zamani ndivyo walivyo,
naye atageuza ukurasa.
Wakati huo mguu wenyewe utakuwa umefagiwa
nao na maganda ya karanga, ukatupwa kwenye mgomba,
na mgomba umeshazaa mikungu mingapi.

Jina bado. Shekuwe ana matatu kwenye bahasha:
la mlima, la mwalimu wake, la rangi.
Nimemchomekea la nne, la Kilatini, lenye saluti ndani yake.
Amesoma, amekunja, hakusema ndiyo,
ila hakulitoa.

Jumamosi nilipanda peke yangu, bila bakuli.
Bi Sikudhani alinielekeza kwa karoti mbichi, haikuosheka vizuri:
"Pale. Usimzibie jua."
Nikachutama.
Nikahesabu: mbili za mbele, mbili za nyuma,
na za kati zote mbili, wa kulia, na wa kushoto.
Akainua kijibendera chake cheupe.
Sikumwitikia.
Nilikuwa nimejibana pua.